Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya viwanda, mazingira na viwango: kagueni skrepa yenyewe, msiishie kwenye kibali

Kwa: Waheshimiwa Mawaziri mliokabidhiwa viwanda, mazingira na kazi, Wakurugenzi wa taasisi za mazingira, viwango, usalama mahali pa kazi na nguvu za atomiki.

Waheshimiwa,

YAH: UKAGUZI WA VYUMA CHAKAVU KABLA HAVIJAYEYUSHWA

Kwa heshima zote tunawaandikia hadharani. Sisi ni mafundi wa matanuri, wapima ubora na wasimamizi wa yadi za vyuma chakavu hapa Tanzania. Hoja zilizomo humu tumeshazifikisha kwa barua, kwenye vikao na kwa wakaguzi waliofika viwandani, na tumekuwa tukijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Kazi hiyo hatujaiona, ilhali skrepa inaingia tanurini kila siku. Tumeona sasa tuseme mbele ya wananchi, kwa kuwa ndio wanaolala chini ya zege lenye nondo hizi na ndio wanaopikia sufuria hizi.

Malalamiko yetu ni haya: udhibiti wa vyuma chakavu nchini unakagua karatasi, na chuma chenyewe hakiguswi. Mkaguzi akifika yadi anaomba leseni, kibali cha kukusanya, kibali cha kusafirisha, risiti ya EFD na daftari la wauzaji. Hatuombi hata kimoja kati ya hivyo kifutwe. Wizi wa mifuniko ya makaravati, alama za barabarani, nyaya za umeme na vyuma vya reli unaiumiza nchi, na daftari linalosema nani kauza nini ni silaha halali dhidi ya wezi. Ila mkaguzi akishamaliza karatasi, anapanda gari anaondoka. Gunia halijafunguliwa. Mtungi ambao valvu yake bado imefungwa umelala palepale kwenye lundo, na kesho asubuhi utapakiwa pamoja na vingine.

Jirani zetu wa Kenya wana Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na Januari 2022 walifika hadi kusimamisha biashara yote baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa. Zuio liliondolewa Mei mwaka huohuo. Kufunga biashara kunaweza kumkimbiza mwizi kwa muda, lakini hakuwezi kubadilisha kilichomo ndani ya lundo. Siku milango inafunguliwa, lundo ni lilelile.

Tunazo hoja sita. Mbili za kwanza tutazieleza kwa urefu kwa sababu ndizo zinazoua watu kazini na kuharibu majengo, na ndizo zinazoeleweka kidogo maofisini.

1. VYOMBO VILIVYOFUNGWA NA SKREPA ILIYOLOWA

Matanuri mengi ya kutengenezea nondo hapa nchini ni ya umeme wa induksheni. Ndani yamekandikwa mchanga wa silika ulioshindiliwa. Nje ya ukuta huo imezunguka koili ya bomba la kopa, na ndani ya bomba hilo yanapita maji ya kupooza. Chuma kilichomo kinafika nyuzi 1,600 za Selsiasi na zaidi. Maji yakinaswa chini ya chuma kilichoyeyuka yanageuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji inatoa si chini ya lita 1,700 za mvuke. Mvuke huo unapata njia moja tu, ya juu, nao unapanda umebeba uji wa chuma. Wanaosimama pale juu ni vijana wa kulisha tanuri.

Vitu vinavyoleta balaa hili si vya ajabu, vipo kwenye kila lundo. Shokapu ya gari ina mafuta, na nyingi zina gesi iliyoshindiliwa. Propela shafti ni bomba lenye uwazi ndani lililozibwa ncha zote mbili. Kompresa ya jokofu imefungwa kiwandani na ina mafuta ndani. Silinda za haidroliki, mitungi ya gesi ya kupikia, mitungi ya kuzimia moto, vipande vya bomba vilivyopondwa ncha kwa nyundo, makopo ya rangi yaliyokusanya mvua: vyote hivi ni mabomu vikifika kwenye chuma kilichoyeyuka. Kibaya zaidi ni marobota. Mabati mepesi na makopo yakishabanwa kuwa robota, hakuna jicho linaloona kopo lenye maji katikati, na robota ndilo linalopendwa kwa sababu linapakia haraka.

Dawa yake inajulikana na wala si ya gharama kubwa. Shokapu inatobolewa kwa drili taratibu, tundu dogo la milimita 5, fundi akiwa amevaa miwani na amesimama pembeni. Gesi ikitoka, mafuta yanamwagwa kwenye pipa, ndipo inakatwa. Propela shafti inakatwa katikati. Mtungi wa gesi unafunguliwa valvu mahali penye upepo na mbali na moto, valvu inatolewa, mtungi unajazwa maji mpaka mdomoni ili gesi iliyobaki isukumwe nje, unamwagwa, kisha unakatwa vipande viwili. Anayeukata kwa gesi ya kukatia bila kuujaza maji kwanza anahatarisha maisha yake, hata kama mtungi "umeisha" kwa mwezi mzima, maana harufu inayosikika mdomoni ni dalili kwamba bado kuna gesi inayoweza kuwaka. Skrepa iliyonyeshewa inawekwa chini ya paa, kwenye sakafu inayotiririsha maji nje, na hairushwi kamwe juu ya chuma kilichokwisha yeyuka kilichobaki kutoka mpiko uliopita. Yadi nyingi hazina paa wala sakafu. Masika yanapoanza, kila fundi wa tanuri anajua kipindi cha hofu kimefika.

Kuna na tatizo la ukuta. Skrepa kubwa isiyokatwa inakwama mdomoni mwa tanuri na kufanya daraja; juu panaonekana pamejaa, kumbe chini chuma kinapikika kupita kiasi na kuula mchanga wa silika. Kutu nyingi na udongo navyo vinaula. Zinki ya mabati inachemka ikifika nyuzi 907, na mvuke wake unapenya kwenye nyufa za ukuta. Ukuta ukitoboka, chuma cha nyuzi 1,600 kinakutana na koili yenye maji. Kwa hiyo kukata skrepa kwa saizi inayoendana na mdomo wa tanuri ni hatua ya usalama, wala si urembo wa yadi.

Na mabomu ya kweli yapo. Maghala ya silaha yalilipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na vipande vikatawanyika kwenye makazi ya watu. Novemba 2017 wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu la mkono lililipuka shuleni na kuua wanafunzi. Lilikuwa limeokotwa kwa kudhaniwa kuwa chuma chakavu. Mtoto anayeokota chuma ili apate hela ya daftari hajawahi kuonyeshwa picha ya kitu asichopaswa kukishika. Mnunuzi wa mtaani mwenye mizani ya kuning'iniza naye hajaonyeshwa.

2. KINACHOINGIA TANURINI NDICHO KINACHOTOKA KWENYE NONDO

Tunaomba hili lieleweke vizuri, kwani maamuzi mengi yanafanywa kana kwamba moto unasafisha kila kitu. Tanuri la induksheni lenye ukuta wa silika linayeyusha, halisafishi. Tanuri la tao la umeme, linaloyeyusha kwa cheche kubwa za umeme, likitumia chokaa na oksijeni linaweza kupunguza fosforasi. La kwetu haliwezi. Kopa ndiyo mbaya kuliko zote, kwani haiondoki kwa oksijeni wala kwa chokaa, katika tanuri la aina yoyote. Njia pekee ni kuitoa kwa mikono kabla ya kuyeyusha, au kuizimua baadaye kwa kuongeza chuma safi.

Hesabu zake ni nyepesi. Kwenye mpiko wa tani moja, kilo moja ya kopa ni asilimia 0.1. Mota tano ambazo kila moja ina kilo moja ya waya wa kopa zinapandisha hadi asilimia 0.5. Kiwango cha Uingereza cha nondo, BS 4449, ambacho wahandisi wengi wa kwetu wanakifahamu, kinaruhusu kopa isiyozidi asilimia 0.80. Lakini mviringishaji, yaani anayepitisha chuma cha moto kwenye rola kiwe nondo, anaanza kupata shida kabla ya hapo, hasa kopa ikiandamana na bati la kusodea. Chuma kinapopashwa moto ili kiviringishwe, juu yake kinafanya magamba. Chuma kinaliwa na magamba, kopa inabaki chini yake, inayeyuka na kuingia kwenye mipaka ya chembe za chuma. Nondo inatoka ina nyufa ndogondogo ubavuni. Kwa macho zinafanana na mikwaruzo.

Tuje kwenye bloku za injini, ngoma za breki na mabomba ya zamani ya maji taka. Hicho ni chuma cha kumimina, chenye karboni ya asilimia 3 na zaidi, silikoni nyingi, na mara nyingine fosforasi ya kutosha. Tia kilo 50 zake kwenye kilo 1,000 za skrepa safi ya chuma laini, karboni ya mpiko mzima inapanda kwa takriban asilimia 0.16. Kikomo cha kiwango tulichokitaja ni asilimia 0.22 ya karboni, na 0.05 kwa fosforasi na kwa salfa. Maana yake bloku moja tu ya injini iliyojificha kwenye tani moja inakula sehemu kubwa ya nafasi yote iliyopo. Springi za gari zina karboni, na nyingine zina silikoni au kromiamu. Stenlesi inaleta kromiamu na nikeli. Kila kimoja kina soko lake zuri kikitengwa, na kila kimoja ni sumu kwa nondo kikichanganywa.

Matokeo yanaonekana saiti. Fundi anakunja ringi, nondo inakatika kwenye kona. Au anachomelea, na siku ya pili kiungo kimepasuka pembeni mwa weldi. Anayelaumiwa ni fundi. Nondo nzuri ya milimita 12 inakunjwa kuzunguka pini yenye kipenyo cha milimita 48, hadi nyuzi 90, bila ufa upande wa nje. Jaribio hilo halihitaji maabara. Nondo ikikatika kimya na sura ya mkato iking'aa kwa chembe kubwa, bila kunyumbuka, hiyo imezidi karboni au fosforasi, na kuichomelea ni kuongeza hatari.

Kiwanda makini kinafanya hivi: skrepa inachambuliwa kwa aina, tanuri linalishwa kwa uwiano uliopangwa, chuma kikiyeyuka inachotwa sampuli, inamiminwa kwenye kikalibu kidogo, inasagwa uso na kupimwa kwa spektromita, kifaa kinachosoma ndani ya chuma kuna nini na kwa kiasi gani. Ndani ya dakika chache majibu yapo. Karboni au kopa ikizidi, kinaongezwa chuma safi na kupimwa tena, ndipo mangani na silikoni zinatiwa na chuma kumiminwa. Wapo wanaofanya hivyo, na wanauza ghali kidogo kuliko wasiofanya. Nyinyi mnapotoa cheti kilekile kwa wote wawili, mnamwadhibu anayepima. Sampuli inayopelekwa maabara mara moja kwa kipindi haiwezi kuisemea mipiko yote ya kipindi hicho, maana skrepa ya asubuhi si ya jioni.

Tuongeze la uzito, kwa kuwa ni rahisi kulipima na halipimwi. Nondo halisi ya milimita 12 ina gramu 888 kwa mita moja; ya mita 12 nzima ni kilo 10.66. Kiwango kinavumilia upungufu wa asilimia 4.5, yaani isishuke chini ya kilo 10.18 hivi. Inayouzwa kwa jina la "mm 12" huku unene wake ni 11 inatoka na kilo 8.95 tu. Chuma kilichopungua ni asilimia 16, na mhandisi aliyeichora nguzo hajui. Mkaguzi mwenye mizani na futi anaweza kulibaini hilo dukani kwa robo saa.

3. MIONZI

Desemba 1983, mashine ya tiba ya mionzi ilivunjwa na kuuzwa kama skrepa huko Ciudad Juárez, Mexico. Ndani yake kulikuwa na maelfu ya chembe ndogo za kobalti-60. Ziliyeyushwa pamoja na vyuma vingine zikawa nondo. Jambo lenyewe liligunduliwa Januari 1984 kwa bahati tu: lori lililobeba nondo hizo lilipita karibu na maabara ya Los Alamos nchini Marekani na kuamsha kipimo cha mionzi. Majengo zaidi ya 800 nchini Mexico yalibidi yabomolewe, mengine sehemu, mengine yote. Miaka michache baadaye, Septemba 1987, kule Goiânia, Brazil, waokota vyuma walifungua kichwa cha mashine ya hospitali iliyotelekezwa yenye sesiamu-137; watu wanne walikufa. Mwaka 2010 ikawa zamu ya soko la skrepa la Mayapuri, Delhi, ambako kifaa cha kobalti-60 kilichouzwa na chuo kikuu kilimuua mfanyakazi mmoja.

Vyanzo vya aina hii havikai hospitalini peke yake. Vipo kwenye vifaa vya kupima ushindiliaji wa barabara, kwenye vipimo vya ujazo viwandani, na kwenye kamera za kupigia picha weldi za mabomba. Vingi vimefunikwa na metali ya risasi au chuma kizito, na hapo ndipo mtego ulipo: kitu kidogo chenye uzito mkubwa ni furaha kwa anayeuza kwa kilo. Alama ya mionzi, ya mapanga matatu meusi kwenye njano, mwokotaji haijui. Mwaka 2007 ilitolewa alama ya ziada, pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia, kwa ajili hasa ya mtu asiyesoma. Hatujaiona ikibandikwa yadi hata moja.

Sheria ya Nguvu za Atomiki tunayo tangu mwaka 2003, na wataalamu wapo. Kinachokosekana ni kipimo getini. Chanzo kikiyeyushwa, nondo, vumbi la dohani na tanuri lenyewe vyote vinakuwa taka za mionzi, na hapo hakuna kibali kitakachosaidia.

4. BETRI

Betri ya gari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na ndani ina tindikali ya salfa. Mtaani inapasuliwa kwa shoka, tindikali inamwagwa chini, sahani zinayeyushwa kwenye karai juu ya mkaa. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 tu, ndiyo sababu kila mtu anaiweza. Vumbi lake linaingia nyumbani kwenye nguo za baba na kuishia mikononi mwa mtoto anayetambaa. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Thiaroye-sur-Mer, pembeni mwa Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kutokana na urejelezaji wa betri mitaani. Hapo Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru walioishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri walishinda kesi Julai 2020 na kuamriwa walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri ikusanywe nzima, ikiwa na maji yake, isimame wima kwenye chombo cha plastiki, na iende kwa mwenye mtambo uliofungwa wenye kuchuja moshi. Bei ya betri kavu ikiwa juu kuliko ya betri nzima, mnamlipa mtu amwage tindikali mtaroni. Hilo mnaweza kulimaliza kwa kanuni ya mstari mmoja: ni marufuku yadi kununua betri iliyotobolewa.

5. SUFURIA

Mafundi wa kumimina aluminiamu, wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na kwingineko, wanafanya kazi ya maana sana. Aluminiamu inayorejelezwa inatumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya ile inayotoka kwenye madini, na sufuria zao zinapatikana kwa bei ambayo mama lishe anaimudu. Lakini pistoni, silinda hedi na kesi za gia boksi ni mchanganyiko wa aluminiamu, silikoni, kopa na vingine. Rejeta za zamani zimeungwa kwa soda, yaani lehemu, yenye risasi. Vikiyeyushwa pamoja kwenye karai moja na kumiminwa sufuria, risasi inaweza kuingia kwenye chakula, hasa kinachopikwa na nyanya, ndimu au ukwaju kwa muda mrefu. Kwa sufuria zitumike mabati ya aluminiamu, fremu za madirisha zilizotolewa vitasa na skrubu, na nyaya za aluminiamu zenye risiti halali. Aluminiamu ya injini irudi kuwa vipuri. Fundi hawezi kuitofautisha risasi kwa macho, wala hatuwezi kumtaka aweze. Kipo kipimo cha kushika mkononi kinachosoma aina za metali kwa sekunde chache, na kimoja kikiwekwa kwenye kituo cha huduma kwa mafundi wadogo kinaweza kuhudumia mtaa mzima.

6. KUCHOMA NYAYA

Hapa hatuna maneno mengi. Ganda la plastiki la waya likichomwa linatoa sumu ya dioksini na moshi wenye klorini, na kopa inayobaki inanunuliwa kwa bei ya chini kwa sababu imeungua. Mashine ya kuchuna ya kuzungusha kwa mkono inaweza kuchongwa na fundi yeyote wa weldi. Yadi isinunue kopa iliyochomwa, basi.

Majibu tunayoyatarajia tunayafahamu, hivyo tuyaseme.

Mtasema kanuni zipo. Ni kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, Kanuni za Udhibiti wa Taka Hatarishi za mwaka 2021 zipo, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo. Tunachouliza ni fomu gani ya ukaguzi inamtaka mkaguzi aandike: mitungi mingapi imekutwa haijakatwa, skrepa iko chini ya paa au la, tanuri lina spektromita inayofanya kazi leo.

Mtasema vifaa ni ghali. Vingine ni ghali kweli, na geti la mionzi si la kila yadi. Ndiyo maana tunaliomba kwa wenye matanuri, ambao ni wachache na wanajulikana, huku yadi zikipata kipimo cha mkononi kwa kushirikiana. Drili, paa la mabati na sakafu ya zege havihitaji mfadhili.

Mtasema tukibana, vijana wa guta na mkokoteni watakosa riziki. Hili ndilo linalotuuma kuliko yote, kwa kuwa tunaishi nao. Uchambuzi unampandishia kipato: kopa safi, shaba ya njano, stenlesi na aluminiamu vikitengwa vinalipa mara kadhaa ya bei ya "mchanganyiko". Kinachomnyima riziki ni mkono unaokatika shokapu inapofyatuka.

Na mtasema tusubiri mradi wa chuma wa Liganga, wilayani Ludewa. Chuma cha Ludewa kinasubiriwa na sote, nasi tunakihitaji kama malighafi safi ya kuzimulia kopa. Hata kikianza kesho, skrepa itabaki.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

(a) Fomu moja ya pamoja ya ukaguzi wa yadi na matanuri, inayokagua chuma chenyewe, ikitumiwa na taasisi zenu zote badala ya kila moja kuja na karatasi yake.

(b) Amri kwamba hakuna chombo kilichofungwa kitakachouzwa kwa kiwanda cha kuyeyusha bila kutobolewa au kukatwa, na kiwanda kitakachopokea kiwajibike sawa na aliyeuza. Marobota yafunguliwe kwa sampuli.

(c) Geti la kupima mionzi kwenye kila kiwanda chenye tanuri la chuma, namba ya simu ya dharura ya bure, na uhakika kwamba anayeripoti chanzo hatatozwa faini wala gharama za kukiondoa. Bila uhakika huo, atakitupa usiku.

(d) Matokeo ya spektromita ya kila mpiko yahifadhiwe kwa namba, namba hiyo iwe kwenye lebo ya kila bunda la nondo, na jina la kiwanda liwe limechorwa kwenye mwili wa nondo. Wakaguzi wachukue sampuli madukani bila taarifa, na majibu yatangazwe kwa jina.

(e) Marufuku ya kununua betri iliyotobolewa na kopa iliyochomwa.

(f) Vituo vya huduma kwa mafundi wadogo vyenye kipimo cha metali, na mabango ya picha kwenye kila yadi na kila shule iliyo karibu na yadi: mabomu, mitungi, alama za mionzi.

(g) Uwakilishi wa waokotaji, wenye yadi na mafundi wa tanuri kwenye kikao kitakachoandika hayo yote.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, likitaja ofisi itakayosimamia kila kipengele na tarehe ya kuanza. Tupo tayari kuonyesha kila hatua tuliyoieleza, yadini na tanurini, siku yoyote mtakayoichagua. Tunawaomba tu mje kabla ya masika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mafundi wa matanuri, wapima ubora na wasimamizi wa yadi za vyuma chakavu

Nakala:
Kamati za Bunge zinazohusika na viwanda na mazingira
Wahandisi na wakandarasi wa majengo
Wenye viwanda vya nondo
Wananchi wote